Alice Coachman: Mwanamichezo wa Tuskegee na Hofu ya Mwili wa Mwanamke

Jina la Tuskegee linajulikana kwa kila aliyesomea taaluma ya afya, na linajulikana kwa ubaya. Katika somo la maadili ya utafiti mwanafunzi hufundishwa kwamba tangu mwaka 1932 hadi 1972 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600 wa wilaya ya Macon, jimbo la Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuelezwa ukweli wa ugonjwa wao, wala hawakupewa penisilini hata baada ya dawa hiyo kuwa tiba ya kawaida ya kaswende. Hospitali ya Taasisi ya Tuskegee, chuo kilichoanzishwa mwaka 1881 kwa ajili ya elimu ya watu Weusi, ilishirikishwa katika jambo hilo. Ni aibu isiyofutika, na haifai ifutwe.

Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo, katika viwanja vya chuo hicho hicho, jambo jingine kuhusu mwili wa binadamu lilikuwa likithibitishwa siku hadi siku, nalo halifundishwi madarasani. Wasichana walikuwa wakikimbia, wakiruka na kucheza mpira wa kikapu kwa bidii ambayo madaktari na walimu wengi wa Marekani walikuwa wameionya kwa zaidi ya nusu karne kwamba ingewaharibu. Aliyevuma kuliko wote miongoni mwao ni Alice Coachman, mwanamke Mweusi wa kwanza duniani kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Coachman alizaliwa tarehe 9 Novemba 1923 mjini Albany, jimbo la Georgia, akiwa mtoto wa tano katika familia ya watoto kumi. Baba yake, Fred, alikuwa fundi wa kupiga lipu, mtu mkali mwenye kushika desturi. Kwa maoni yake, mahali pa binti ni barazani, ametulia, amevaa nadhifu. Alice alipotoroka kwenda kucheza na wavulana alichapwa, na siku ya pili akatoroka tena. Viwanja vya umma vilivyokuwa na vifaa vya michezo vilitengwa kwa Weupe tu. Kwa hiyo alikimbia katika barabara za vumbi, miguu mitupu, na kwa kuruka juu alifunga kamba au kuweka fito na vijiti vilivyopatikana. Waliomtia moyo walikuwa wawili: mwalimu wake wa darasa la tano, Cora Bailey, na shangazi yake, Carrie Spry, aliyemtetea mbele ya wazazi.

Simulizi za wanariadha waliokimbia pekupeku hupendeza masikioni, na waandishi wa michezo huzirudia kana kwamba umaskini ni aina ya mazoezi. Mhudumu wa afya atazisikia kwa sikio jingine. Majimbo ya kusini mwa Marekani ndiyo yaliyosumbuliwa sana na minyoo ya safura mwanzoni mwa karne ya 20, hata ikaundwa tume maalumu, kwa fedha za Rockefeller, iliyofanya kazi ya kuipiga vita kuanzia mwaka 1909. Mnyoo huo huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, kisha hunyonya damu ndani ya utumbo mwaka baada ya mwaka. Mtoto aliyekimbia bila viatu katika udongo ule alikuwa na mzigo ambao wenzake wenye viatu hawakuubeba.

Ili tuelewe kwa nini baba mpenda heshima aliona michezo ni hatari kwa bintiye, yatupasa turudi nyuma miaka hamsini kabla ya Alice kuzaliwa, twende mbali na Georgia, hadi mjini Boston. Mwaka 1873 Dk. Edward Clarke, aliyewahi kuwa profesa wa tiba katika Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu juu ya elimu ya wasichana. Hoja yake ilisimama juu ya wazo moja: nguvu za mwili ni akiba yenye kikomo. Msichana akizitumia kwa masomo wakati wa miaka ya kubalehe, hasa siku za hedhi, viungo vyake vya uzazi vitanyimwa sehemu yao, naye atakuwa mgonjwa, dhaifu, pengine tasa. Ushahidi wake ulikuwa visa vichache vya wagonjwa waliofika kwake. Kitabu hicho kilichapishwa tena na tena, na vyuo vilivyokuwa vimeanza kuwapokea wanawake vilijikuta vikijitetea.

Jibu la kisayansi halikuchelewa. Dk. Mary Putnam Jacobi, daktari mwanamke wa New York, alifanya kile ambacho Clarke hakukifanya: aliwauliza wanawake wenyewe. Alituma maswali, akapokea majibu ya wanawake zaidi ya 250 kuhusu hedhi, maumivu, kazi na mapumziko yao. Akapima pia mapigo ya mshipa katika siku mbalimbali za mwezi. Hakuona sababu ya kumlazimisha mwanamke mwenye afya kuacha shughuli zake kwa kuwa yumo hedhini. Insha yake ilipewa Tuzo ya Boylston ya Harvard mwaka 1876, chuo ambacho wakati huo hakikumruhusu mwanamke hata mmoja kusomea udaktari. Basi data zilikuwapo. Kilichokosekana ni utayari wa kuzisikiliza, na ugonjwa huo wa kusikia ulidumu muda mrefu.

Vyuo vya wanawake vilichukua njia ya katikati. Mwaka 1892, katika Chuo cha Smith huko Massachusetts, mwalimu Senda Berenson aliwafundisha wasichana wake mpira wa kikapu, mchezo uliokuwa umebuniwa miezi michache tu kabla, katika mji jirani wa Springfield. Lakini aliubadili. Uwanja aliugawa sehemu tatu, na kila mchezaji akatakiwa abaki katika sehemu yake ili asichoke kupita kiasi. Kumpokonya mwenzako mpira mikononi kulikatazwa. Berenson hakuwa adui wa michezo ya wanawake. Alikuwa mlinzi wake, na alijua kwamba msichana mmoja akizimia uwanjani, mlango utafungwa kwa wote. Aina za mchezo huo wa kugawana uwanja ziliendelea katika vyuo vya Marekani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mwaka 1923, mwaka aliozaliwa Coachman, iliundwa Divisheni ya Wanawake ndani ya Shirikisho la Taifa la Riadha za Ridhaa, chini ya uongozi wa Lou Henry Hoover, ambaye mumewe alikuja kuwa rais. Walimu wa mazoezi ya mwili waliokuwamo walikuwa watu wema na wasomi. Walitaka kila msichana acheze, si mabingwa wachache tu. Walichukia makocha wanaomchezesha mgonjwa na wafanyabiashara wanaouza tiketi kwa kuonyesha miguu ya wasichana. Katika hayo walikuwa na haki, na yako mambo ambayo vilabu vya leo vingejifunza kwao. Ila dawa waliyoitoa ilikuwa kufuta mashindano yenyewe. Vyuo vingi vikaacha mechi baina yao na kuandaa siku za michezo, ambapo wanafunzi wa vyuo mbalimbali walichanganywa katika timu za siku moja, wakacheza kidogo, kisha wakanywa chai.

Kisha ikaja Amsterdam. Katika Olimpiki ya mwaka 1928 wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kukimbia mita 800. Wakimbiaji tisa waliingia fainali na wote tisa walimaliza. Mshindi, Lina Radke wa Ujerumani, aliweka rekodi ya dunia. Baadhi walijilaza nyasini baada ya mstari wa mwisho, kama afanyavyo mwanamume yeyote aliyekimbia kwa nguvu zake zote. Magazeti yakaandika kwamba wanawake walianguka mmoja baada ya mwingine, na yako yaliyotaja idadi ya walioshindwa kumaliza. Habari hiyo ya uongo ilitosha. Mbio hizo ziliondolewa, na hazikurudi katika Olimpiki hadi Roma mwaka 1960. Miaka 32 ilipotea kwa sababu ya uchovu ambao muuguzi yeyote, kama angeulizwa, angesema ni wa kawaida: mapigo hushuka, pumzi hurudi, mtu husimama.

Huko Tuskegee upepo ulivuma kinyume. Cleveland Abbott, mkurugenzi wa michezo wa chuo, alianzisha mashindano ya riadha ya kila mwaka mwaka 1927, na miaka miwili baadaye akaingiza mbio za wanawake. Chuo kiliunda timu ya wasichana, kikawafundisha kwa bidii na nidhamu sawa na wavulana. Sababu zake zinajadiliwa hadi leo na wanahistoria. Kwa maoni yangu, iliyo nzito ni hii: nadharia ya mwanamke dhaifu tangu mwanzo haikuwahusu wanawake Weusi. Mama zao na bibi zao walilima pamba, walifua nguo za watu na kubeba maji wakiwa na mimba au wakiwa hedhini, na hakuna daktari aliyeandika kitabu kuwaombea mapumziko. Ubaguzi uliowanyima huruma hiyo ya uongo uliwaacha pia huru na makatazo yake. Timu ya Tuskegee ilitwaa ubingwa wa taifa wa wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 1937, na kufikia 1951 ilikuwa imeutwaa mara 14.

Alice alifika hapo mwaka 1939, kwanza katika shule ya maandalizi ya chuo hicho. Hata kabla masomo hayajaanza alipelekwa katika mashindano ya taifa, akavunja rekodi ya kuruka juu ya wasichana wa shule na vyuo, akiwa miguu mitupu. Alikuwa hajatimiza miaka 16. Tangu mwaka huo hadi 1948 hakuna aliyemshinda Marekani katika kuruka juu: mataji kumi mfululizo. Alikuwa pia bingwa wa taifa wa mita 50, wa mita 100 na wa mbio za kupokezana vijiti. Msimu wa riadha ulipokwisha alivaa jezi ya mpira wa kikapu, akicheza nafasi ya mlinzi, na timu ya chuo ikashinda ubingwa wa ukanda wake mara tatu.

Ufadhili wake haukuwa wa bure. Ili kulipia masomo alisafisha ukumbi wa michezo na bwawa la kuogelea, akatengeneza viwanja vya tenisi, akashona jezi zilizochanika za timu ya wavulana. Mwaka 1946 alihitimu ushonaji, kisha akarudi Albany kusomea sayansi kimu katika chuo cha mji huo, na alihitimu mwaka 1949.

Wazazi wanaomleta kliniki mtoto wa miaka kumi na mbili mwenye maumivu ya goti, anayecheza mchezo mmoja tu mwaka mzima bila kupumzika, wangefaidika kusikia habari za msichana huyu wa michezo minne. Tiba ya michezo leo inaonya dhidi ya kumfunga mtoto katika mchezo mmoja mapema, kwa kuwa mifupa na kano zilezile huchoshwa kwa mwendo uleule hadi zinaumia. Coachman alikimbia, aliruka, alisimama ghafla, aligeuka na kudaka mpira. Hakuna aliyempangia hivyo kwa sababu za kitabibu, bali ndivyo michezo ya chuo ilivyofuatana kwa majira.

Miaka yake bora ililiwa na vita. Olimpiki ya 1940 haikufanyika, wala ya 1944. Ilipofika London mwaka 1948 alikuwa na miaka 24 na maumivu ya mgongo. Magodoro manene ya sponji yalikuwa hayajaingia katika mchezo huo. Mrukaji alitua juu ya mchanga, na kila mruko ulirudisha kishindo chake mgongoni. Tarehe 7 Agosti, katika uwanja wa Wembley, alivuka mita 1.68 kwa jaribio la kwanza. Mwingereza Dorothy Tyler alivuka kimo hicho hicho kwa jaribio la pili. Hiyo ikawa tofauti yote kati ya dhahabu na fedha, na Mfalme George wa Sita akamvisha Coachman medali. Kati ya wanawake wa Marekani waliopigania medali za riadha London, ni yeye peke yake aliyerudi na dhahabu.

Naomba msomaji wa fani ya afya awatazame pia waliokuwa uwanjani pamoja naye. Tyler alikuwa mama wa watoto wawili. Alikuwa amepata fedha katika mchezo huo huo huko Berlin mwaka 1936 akiwa na miaka 16, na baada ya miaka kumi na miwili, vita na uzazi mara mbili, alirudi akiruka juu zaidi. Wa tatu alikuwa Micheline Ostermeyer wa Ufaransa, mpiga piano wa maonyesho, ambaye katika michezo hiyo hiyo alitwaa dhahabu ya kurusha tufe na ya kurusha kisahani. Rekodi ya dunia ya kuruka juu ilishikwa wakati huo na Fanny Blankers-Koen wa Uholanzi, ambaye hakuruka London kwa kuwa alichagua mbio. Alitwaa dhahabu nne akiwa na miaka 30 na watoto wawili. Kama nadharia ya akiba yenye kikomo ingekuwa kweli, wanawake hawa wasingekuwapo.

Nadharia yenyewe imekufa vitabuni, lakini mtoto wake angali hai vijijini na mijini, na mara nyingine huvaa koti jeupe. Msichana huambiwa asikimbie siku za hedhi. Mjamzito mwenye afya huambiwa akae. Binti anayeruka huonywa kwamba mfuko wake wa uzazi utahama. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 za mazoezi kila siku, na mjamzito asiye na kizuizi cha kitabibu apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa maumivu ya kawaida ya hedhi, mazoezi ya mara kwa mara yanaweza kuyapunguza. Kuruka na kukimbia katika miaka ya kubalehe huimarisha mifupa, na akiba ya mfupa inayojengwa wakati huo ndiyo inayomsaidia mwanamke atakapokoma hedhi.

Kitu kinachodhuru kweli hakikuwa katika orodha ya Dk. Clarke, ingawa kwa bahati kinafanana kidogo na wazo lake. Msichana anayefanya mazoezi mazito huku akila kidogo, ama kwa umaskini ama kwa kutaka kukonda, mwili wake hukosa nishati ya kutosha. Hedhi huchelewa, huwa chache au hukatika. Mifupa hudhoofika na kupata nyufa. Maambukizo na uchovu humwandama. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina rasmi mwaka 2014. Kwa hiyo mwanariadha anayesema kwa fahari kwamba hapati hedhi kwa sababu ya mazoezi asipongezwe, bali achunguzwe: mimba kwanza, kisha chakula, uzito, damu, homoni. Tiba mara nyingi ni sahani iliyojaa na kupunguza mazoezi kwa muda. Binti mwenye hedhi nzito apimwe pia upungufu wa damu, kwani wengi huambiwa ni wavivu kumbe hawana madini ya chuma. Na goti lililovimba ghafla baada ya kugeuka au kutua vibaya lisisubiri mafuta ya kuchua, kwa maana kano ya ndani ya goti hukatika kwa wanawake wachezaji mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume.

Coachman aliporudi kutoka London alipokewa na Rais Truman, na msafara wa magari ulimsindikiza kutoka Atlanta hadi Albany. Katika ukumbi wa mji wake, watu Weusi walikaa upande mmoja na Weupe upande mwingine. Meya alikaa jukwaani pamoja naye lakini hakumpa mkono. Sherehe ilipokwisha ilimbidi atoke kwa mlango wa pembeni.

Hakushindana tena. Mwaka 1952 kampuni ya Coca-Cola ilimweka katika matangazo yake, jambo ambalo halikuwa limemtokea mwanamke yeyote Mweusi wa Marekani kwa bidhaa ya kimataifa. Lakini kazi yake ya maisha ilikuwa ualimu wa mazoezi ya mwili, katika shule na vyuo. Alifariki dunia mjini Albany tarehe 14 Julai 2014, akiwa na umri wa miaka 90.

Kufikia hapo kimo chake kilikuwa kimepitwa zamani. Katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, timu ya riadha ya wanawake wa Marekani ilifundishwa na Nell Jackson, mwanafunzi wa Tuskegee aliyekuwa amekimbia London pamoja na Coachman. Dhahabu ya kuruka juu ilitwaliwa na Mildred McDaniel, naye wa Tuskegee, kwa mita 1.76. Ilikuwa rekodi ya dunia.